Dhamana ya Kaunti Maradhi Yanapoingia Mjini

Waliotunga Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, walipokuwa wakigawa kazi baina ya Serikali ya Taifa na serikali za kaunti 47, waliandika katika Jedwali la Nne kwamba zahanati na hospitali za kaunti, magari ya wagonjwa, makaburi na uzoaji wa taka ni amana ya kaunti, ilhali sera ya afya na hospitali kuu za rufaa za kitaifa zimebaki mikononi mwa Taifa. Na ijapokuwa mgawanyo huo umezusha mashauri mengi tangu kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, hoja iliyoutangulia ilikuwa na insafu, kwamba mtu huugua mtaani kwake, na anayeujua mtaa ule ndiye awezaye kumfikia kabla hali yake haijaharibika. Mtihani wa hoja hiyo ulikuja mwaka 2020. Nataka kuutazama mahali ninapopajua, yaani Mombasa, kwa kuwa naona miaka inapita na hesabu yake haijakamilishwa, na maradhi ya kuvuka bahari yatarudi, kama yalivyokuja haya ya korona na kama yalivyokuja ya mwaka 1918, yale mafua makali yaliyoingia kwa meli bandarini kwetu na kuenea pwani nzima.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa na Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, tarehe 13 Machi 2020. Majuma mawili baadaye, tarehe 27 Machi, kafyu ikaanza, na jioni ile ya kwanza watu waliokuwa wametoka kazini kisiwani walimiminika Likoni wakitaka kuvuka kabla ya saa moja usiku, wakakutana na marungu na gesi ya kutoza machozi. Hawakuwa wakaidi wale. Walikuwa vibarua, wachuuzi, watumishi wa nyumba na wa ofisi, wenye makwao Mtongwe, Likoni na hata Ukunda, na njia ya karibu ya kurudi makwao ilikuwa moja tu, feri, inayohesabiwa kuvusha zaidi ya watu laki tatu kwa siku. Na maadamu kila mmoja wao aliwekewa saa ile ile ya kuwa ndani ya nyumba, ilikuwa lazima wote wafike kivukoni kwa saa ile ile. Amri iliyokusudiwa kuwatenga watu ikawakusanya bega kwa bega, macho yakiwatoka machozi, wakikohoa, wakijipangusa nyuso kwa viganja vyao, na hayo ndiyo hasa matabibu waliyokuwa wakiwakanya wasiyafanye.

Watakuwapo watakaosema kwamba feri ilikuwa ya shirika la Taifa na askari ni wa Taifa, basi kaunti haimo. Marungu yale kweli hayakuwa ya kaunti, na sitaibebesha kaunti dhambi isiyo yake. Walakini hapakuwa na wakuu wowote nchini walioijua saa ya msongamano wa Likoni kuliko wakuu wa Mombasa, ambao wengi wao wamevuka hapo tangu utotoni wakiwa wameshikwa mikono na mama zao. Na kuwaambia wenye amri Nairobi kwamba kafyu ya saa moja, kwa mji uliogawanywa na maji, inataka vibarua waachiwe kwa zamu kuanzia alasiri, na vyombo viongezwe, na tangazo litolewe siku kadhaa kabla, hilo lilikuwa neno la kaunti kulinena. Kama lilinenwa, halikusikika. Ukaribu na watu usipogeuka kuwa usemi mbele ya wenye nguvu hauwafai chochote watu wenyewe.

Mnamo tarehe 8 Aprili njia za kuingia na kutoka Mombasa zikafungwa, na Kilifi na Kwale zikafungwa pamoja nasi. Hapo ndipo kaunti, chini ya Gavana Hassan Joho, ilipofanya jambo ambalo sitachoka kulisifu. Iliazimia kuwapelekea mafukara chakula majumbani mwao. Jambo hilo laonekana dogo mpaka mtu akumbuke yaliyotokea Kibera, Nairobi, siku mbili baada ya njia zetu kufungwa, ambako chakula cha msaada kiligawiwa mahali pamoja, watu wakakanyagana na kuumia. Kumpelekea mtu unga, mchele na maharagwe mlangoni ni kumhifadhia siha yake na pia hadhi yake, kwa sababu katika miji yetu ya pwani ziko nyumba nyingi ambazo jiko halijawashwa tangu jana na hakuna jirani ajuaye, wala mwenye nyumba hatatoka kusimama safuni mchana kweupe akionekana na mkwewe. Mzee wa mtaa anazijua nyumba hizo. Anajua mjane ni yupi, anajua ni baba gani aliyeachishwa kazi hotelini wageni walipokoma kuja, anajua chumba cha uani kimepangwa na familia ngapi. Malalamiko ya waliorukwa hayakukosekana, na katika mji wenye watu zaidi ya milioni 1.2 kwa sensa ya 2019 yasingekosekana. Lakini njia ilikuwa ndiyo, na ilifanikiwa kwa kadiri ilivyotegemea ilmu ya wazee wale, ambayo haimo katika daftari lolote la Wizara.

Kadhalika kaunti ilitwaa majengo ya Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa na kuyatandika vitanda 300 vya kuwatenga wagonjwa, kabla ya Rais Uhuru Kenyatta kuziagiza kaunti zote, mnamo Juni, ziwe na idadi hiyo hiyo. Hilo nalo ni la kushukuriwa, na nitalirudia baadaye, kwa sababu kitanda ni sehemu ndogo sana ya uuguzi.

Kwanza nizungumze juu ya maji.

Kila tangazo la siku zile lilianza kwa kutuhimiza tunawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Sasa nenda Kuze au Kibokoni, au vuka uende Mtongwe, uingie nyumba yoyote utakayokaribishwa. Bomba lipo ukutani, limepakwa rangi pamoja na ukuta, na ukilifungua litatoa upepo. Maji ya nyumba yamo katika mitungi ya plastiki iliyopangwa kando ya mlango wa choo, mingine imezibwa kwa kizibo, mingine kwa mfuko uliosokotwa, nayo yameletwa na mwenye mkokoteni ambaye hulipwa kwa mtungi, na bei hupanda mifereji inapokauka. Mwanamke wa nyumba ile ana hesabu yake asiyoiandika popote: mtungi huu wa kupikia, huu wa kutawadhia, huu wa kuogeshea watoto, na maji yaliyofulia nguo hayamwagwi, huwekwa ya chooni. Mwambie mtu huyo anawe mikono kila aingiapo na kila atokapo, yeye na watoto wake na mama mkwe wake, na awanawishe kwa maji yanayotiririka, naye atakuitikia kwa adabu, kisha atafanya lile ambalo mitungi yake itamruhusu.

Na Mombasa haina chemchemi yake. Maji yetu hutoka Mzima huko Taita Taveta, hutoka Baricho kwenye mto Sabaki upande wa Kilifi, hutoka Marere na Tiwi upande wa Kwale, yote nje ya mipaka ya kaunti, nayo hayatoshi, na hilo la kutotosha halikuanza jana. Waliotutawala wakati wa ukoloni walilijua, waliokuja baada ya Uhuru wamelijua, na kila anayeomba kura kisiwani hulitaja jukwaani. Korona ilipoingia, matangi yaliwekwa vivukoni na sokoni pamoja na mabomba ya kunawia, na watu wakanawa, jambo lililoonyesha kwamba hawakuwa na ubishi wowote na sabuni. Yalipoanza kukauka, watu wakayapita, na hapakuwa na hotuba ambayo ingewarudisha kwenye bomba kavu.

Wakati huo huo, pale kivukoni Likoni liliwekwa handaki la kuwanyunyizia wapitao dawa ya kuua vijidudu, watu wakapita humo wamefumba macho, wengine wamejifunika leso, picha zake zikaenea dunia nzima. Mwezi Mei mwaka ule ule Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo kwamba kuwanyunyizia watu dawa namna hiyo hakupasi kwa hali yoyote, kwa sababu hakumzuii aliyeambukizwa kuambukiza wengine kwa pumzi na kikohozi, nako kwaweza kudhuru macho na ngozi. Siwalaumu waliofikiria handaki. Mwezi ule wa Aprili ulimwengu mzima ulikuwa ukipapasa gizani, na miji tajiri kuliko wetu ilifanya vivyo hivyo. Ninachokitilia mkazo ni tabia ya serikali zetu kupenda dawa inayoonekana. Handaki hupigwa picha, nayo mabomba ya chini ya ardhi yakishafukiwa hayana wa kuyatazama. Na fedha, pakitakiwa, hupatikana: Serikali ya Taifa ililijenga daraja la kuelea la waenda kwa miguu pale Liwatoni kwa takribani shilingi bilioni 1.9, na likaanza kutumiwa kabla mwaka haujapita tangu gonjwa kuingia, ili kupunguza msongamano wa feri. Nililifurahia daraja lile. Lakini nilijiuliza, na ningali najiuliza, ni nani aliyesimama mbele ya wale wale wenye hazina akadai maji kwa haraka ile ile, na kama hakusimama mtu, kwa nini asiwe gavana wa kaunti inayokunywa maji ya majirani.

Tarehe 6 Mei ikatoka amri ya kuuzingira Mji wa Kale, siku moja na mtaa wa Eastleigh wa Nairobi. Masoko na mikahawa ndani ya eneo ikafungwa, vizuizi vikawekwa njiani, na raia wakaambiwa kwamba hakuna wa kuingia wala wa kutoka kwa siku kumi na tano, nazo zikaongezwa hadi mwanzoni mwa Juni. Ilikuwa katikati ya mwezi wa Ramadhani. Asiyeujua mtaa ule hawezi kukisia maana yake. Mji wa Kale katika Ramadhani huishi kwa biashara ya jioni: mama aliyekesha akisaga mbaazi, anayechoma mishikaki pembezoni mwa baraza, anayekaanga viazi vya karai na kaimati, kijana anayeuza tende na maji ya ukwaju, wote hao hupata katika mwezi mmoja fungu la kuwalipia karo na kodi za miezi mingi inayofuata. Wengine ndani ya vizuizi walikuwa na kazi zao nje, na wengine nje walikuwa na wazazi wao ndani. Idi ikawakuta hivyo, mjukuu huku na bibi kule.

Kuwa maradhi yalikuwamo mtaani, hilo sina shaka nalo, na nyumba za Mji wa Kale, zilizobanana na vichochoro vyake visivyopitisha mkokoteni, ni mahali ambapo ugonjwa wa pumzi hupata nafasi kubwa. Wala sisemi kwamba kuzingira eneo ni haramu. Karantini ni desturi kongwe katika bandari zote za bahari hii. Ninachokipinga ni kwamba amri ilitangulia na mashauri yakafuata nyuma. Watu waliitwa wapimwe, waliojitokeza wakawa wachache, na huko nje wakasemwa kuwa ni wajinga na wenye inda. Nami nasema walikuwa na akili zao timamu. Katika majuma ya mwanzo, mtu aliyewekwa karantini alichukuliwa kwake na kupelekwa mahali pa serikali kwa gharama yake mwenyewe, na aliyekaribiana na mgonjwa alichukuliwa vilevile. Habari za waliozuiliwa humo kwa kushindwa kulipa zilikuwa zimezagaa nchini. Mchuuzi wa kaimati, akijua kwamba kijiti kimoja kikitiwa puani mwake chaweza kumtoa nyumbani, kumdaisha fedha asizonazo na kuwaacha watoto na jirani, atachagua nini? Serikali baadaye ilikubali kuibeba gharama hiyo, na mwezi Juni ikatoa mwongozo wa kuwauguza nyumbani wasiozidiwa. Lakini imani iliyovunjika Aprili hairejei upesi kwa sababu tu ya waraka.

Hapa ndipo kaunti ilipoiachia nafasi yake ipite, na nasikitika kwa dhati kuyaandika haya. Maimamu wa mji huu walikwisha kuifunga misikiti tangu Machi, jambo zito kwa Mwislamu yeyote, nao walilifanya kwa hoja ya sheria ya dini, kwamba kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sharia. Yaani walikuwapo mjini watu wenye hekima na kauli, ambao wamekwisha kuwashawishi maelfu waache sala ya jamaa. Wangekalishwa kitako pamoja na tabibu mkuu wa kaunti, na wazee wa mitaa, na akina mama wa vyama vya harusi na matanga, kabla vizuizi havijasimama, wakaelezwa wazi nani atapelekwa wapi, nani atamlisha mtoto wake, na iwapo mtu atafariki ataoshwa na kukafiniwa na nani. Kisha wao wenyewe wakatangulia kupimwa hadharani, naamini safu zingekuwa ndefu. Suala la maiti peke yake lilitosha kuwazuia watu wasipimwe. Mwislamu akiambiwa kwamba baba yake atazikwa na wageni waliovaa mavazi meupe ya plastiki, bila josho wala jamaa kumshika, atamficha baba yake ndani hadi pumzi ya mwisho. Na makaburi, kumbuka, yameandikwa katika Katiba kuwa ni kazi ya kaunti.

Narudi kwenye vitanda. Vitanda 300 vyahitaji wauguzi, na wauguzi wahitaji mishahara, glovu, barakoa na bima. Ilipofika tarehe 7 Desemba 2020 wauguzi na maafisa wa kliniki katika kaunti nyingi waliweka kazi chini, na siku hiyo hiyo nchi ikamlilia daktari kijana wa miaka 28 aliyefariki kwa korona akiwa na miezi mitano bila kulipwa. Hakuwa wa kaunti yetu, ila kisa chake kilizigusa kaunti zote, kwa kuwa kaunti ndizo mwajiri wa wahudumu wengi wa afya. Na nyuma ya wauguzi kuna kundi ambalo halikuwa hata na mgomo wa kugoma, wale wahudumu wa afya wa jamii, aghalabu wanawake, waliokuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba na kipima joto kimoja na daftari la mistari, wakiuliza nani anakohoa, nani amefika kutoka safari, bila mshahara. Wao walikuwa wa kwanza kujua ugonjwa umeingia nyumba gani na wa mwisho kukumbukwa fedha zilipogawanywa. Mwaka 2023 Serikali ya Taifa na za kaunti zilikubaliana kuwalipa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kwa nusu. Ni kidogo, lakini ni haki iliyoanza kutambuliwa, na kaunti inayochelewesha nusu yake inavunja chombo cha pekee kilichothibitika kufanya kazi.

Juu ya fedha zenyewe sitakawia. Serikali ya Taifa ilizitengea kaunti shilingi bilioni 5 kwa ajili ya janga hili, na ripoti za Mkaguzi Mkuu juu ya matumizi ya fedha za korona, za taifa na za kaunti, zilikuja zikiwa na mengi ya kuhuzunisha. Raia wa kawaida hana ilmu ya kuzisoma ripoti zile. Zingeandikwa kwa Kiswahili chepesi, kata kwa kata, zikabandikwa kwenye zahanati: barakoa ngapi zilinunuliwa, kwa bei gani, zikafika kwa nani.

Basi ninayoyataka kwa kaunti yangu ni haya. Kwanza maji, kabla ya jengo lolote jipya la hospitali litakalozinduliwa kwa utepe, na kuanzia katika mitaa ile ambayo mabomba yake hutoa upepo. Pili, uwepo waraka uliokubaliwa na kupitishwa na Bunge la Kaunti, unaosema gonjwa la kuambukiza likitangazwa tena nani ataitwa kwenye kikao saa ishirini na nne za mwanzo, na katika orodha hiyo mzee wa mtaa na imamu na padri na mwakilishi wa wavuka feri watajwe kwa vyeo vyao, sio waalikwe kwa hisani. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inairuhusu kaunti kuwa na hazina yake ya dharura. Hazina hiyo ijazwe wakati wa afya, na masharti ya kuifungua yajulikane kwa wote.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa mbele ya Bunge la Kaunti kabla ya mwisho wa Aprili na kupitishwa kabla ya mwaka wa fedha kuisha Juni, na Katiba inatupa haki ya kushirikishwa katika mashauri yake. Mwaka huu nitahudhuria kikao cha kata yetu, na nawasihi jirani zangu wa Kuze, Kibokoni na Ndia Kuu, na wa ng'ambo wa Likoni na Mtongwe, wafike pia, kila mmoja na risiti au kumbukumbu ya alicholipa kwa mitungi ya maji mwezi uliopita, ili watakaosoma makadirio mbele yetu watueleze ni fungu gani ndani yake linalokusudia kuipunguza gharama ile, na ni mwezi upi kazi itaanza.